Jani la Chura

Sogeeni, wajukuu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina chura, tembo na chui milia, na wote watatu wanakutana kwenye jani moja dogo ambalo huenda umelikanyaga leo asubuhi ukienda kuteka maji.

Ilianza na kopo. Koku, mjukuu wangu anayesoma Dar es Salaam, alikuja Muleba likizo fupi ya Pasaka. Yuko darasa la saba, mwaka wa mtihani, na mama yake alimfungia kwenye begi kopo la vidonge vya majani yaliyosagwa. Kwenye lebo palikuwa na picha ya jani la mviringo na maneno mawili: gotu kola. Chini yake, kwa maandishi madogo, waliahidi kumbukumbu na utulivu wa akili. Koku aliliweka kopo mezani taratibu, kama mtu anayetua yai. Mdogo wake Muta, ambaye amekulia hapa na hajui kuonea haya kitu, akalichukua, akaitazama ile picha, akacheka.

"Babu, si ndiyo majani ya kule chemchemi?"

Nikavaa buti zangu za mvua.

Kwetu Bukoba na Muleba mvua haiagizwi. Bukoba mjini hunyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na nyingi huletwa na Ziwa Victoria lenyewe. Ukitoka nyumbani unashuka kibanja, migomba juu, mibuni chini ya migomba, maharage chini ya mibuni, mpaka pale udongo unapoanza kunyonya kisigino. Hapo, pembeni mwa njia, ndipo Muta aliposimama na kuonyesha kwa kidole cha mguu.

Nikawaambia wapige magoti, maana mmea huu haupandi juu. Shina lake ni uzi mwekundu-mwekundu unaotambaa ardhini. Kila baada ya sentimita chache lina kifundo, na kila kifundo kimeshusha vijizizi chini na kusimamisha kikonyo juu. Juu ya kikonyo kuna jani moja lenye umbo la figo, upana wake kama sarafu kubwa au zaidi kidogo, kingo zake zina meno butu, na pale linaposhikana na kikonyo limekatwa kama limeng'atwa. Koku alilala karibu kifudifudi ndipo akayaona maua: madogo kuliko punje ya mtama, rangi ya waridi iliyofifia, yamejificha chini ya majani. Nikamwambia alifikiche jani moja anuse.

"Karoti," alisema.

Alipatia. Mmea huu ni wa ukoo wa karoti na giligilani.

Sasa tuje kwenye majina. Ukivuka mpaka kuingia Uganda, Waganda wanauita kabbo ka bakyala, yaani kikapu cha akina mama. Wanyarwanda wanasema gutwikumwe, sikio moja. Kule Sri Lanka, gotu kola maana yake ni jani la umbo la kikombe. Mwaka 1753 Mswidi Carl Linnaeus, aliyejipa kazi ya kuipa majina mimea yote ya dunia, aliuita Hydrocotyle, kwa maneno ya Kigiriki ya maji na kikombe. Kikapu, sikio, kikombe: watu hawa hawakuwahi kukaa meza moja, lakini kila mmoja aliinama kama Koku na kuliona lile bonde katikati ya jani. Baadaye Mjerumani Ignatz Urban aliuhamishia kwenye kundi jingine, na mpaka leo wataalamu wanauita Centella asiatica.

"Asiatica ni nini?" Muta aliuliza.

"Wa Asia."

Akanuna. Mmea umeota kwao, yeye ndiye anayeukanyaga kila siku, halafu jina linasema wa Asia! Nami naona ana haki ya kununa. Ila Wazungu waliupokea kutoka Asia, na anayefika kwanza na kalamu ndiye anayeandika.

Jina ninalolipenda mimi ni la Wahindi. Katika Kisanskriti wanauita mandukaparni, jani la chura. Wengine husema ni kwa sababu jani linafanana na unyayo wa chura, wengine husema ni kwa sababu mmea na chura wanapenda makazi yaleyale. Simameni kando ya chemchemi jioni, mvua ikiwa imekatika, msikilize wenyewe.

India wana elimu ya tiba iitwayo Ayurveda, maana yake elimu ya uhai. Kitabu chake kimojawapo cha kale, Charaka Samhita, kina umri wa karibu miaka 2,000. Humo mmetajwa mimea minne ya kulisha akili, na jani la chura ni mmojawapo: juisi yake mbichi hunywewa ili mtu ashike anachosoma na atulize moyo. Kwa hiyo kopo la Koku halikudanganya kuhusu ukale wa habari hii. Kabla ya Emin Pasha kufika hapa mwaka 1890 na kuanzisha kituo cha Wajerumani cha Bukoba, na kabla hata ya falme zetu hizi za ziwa, kuna mtoto huko India alikunja uso akimezeshwa juisi hii chungu na bibi yake.

Lakini ngojeni, kuna mtego. India wanalo pia jina brahmi, dawa ya kumbukumbu. Ukiuliza brahmi kaskazini, mara nyingi utaoneshwa jani hili hili la chura. Ukiuliza Kerala, kusini, utapewa mmea mwingine kabisa, unaoitwa Bacopa monnieri, wenye vijani vidogo vinene kama vijiko na maua meupe, na ambao si ndugu wa karoti hata kidogo. Jina moja, mimea miwili. Likumbukeni hilo, tutalihitaji mbele.

Tembo yuko Sri Lanka. Wazee wa huko husimulia kwamba tembo hula majani haya, na ndiyo sababu tembo ana maisha marefu na hasahau njia. Watu nao hawakutaka kuachwa nyuma. Huyakatakata majani mabichi, wakachanganya na nazi iliyokunwa, kitunguu, pilipili na ndimu, wakala na wali. Asubuhi huyapika na mchele kuwa uji wa kijani. Kwao hii ni mboga kabla ya kuwa dawa, na nadhani jambo hilo peke yake linatufundisha zaidi ya lebo ya kopo.

Chui milia naye yuko mashariki zaidi. Husimuliwa kwamba akijeruhiwa kwenye mapigano hujibiringisha juu ya majani haya mpaka kidonda kipone. Ni hadithi, sikuwahi kumuuliza chui. Lakini kati ya hadithi zote tatu, hii ndiyo iliyokaribia zaidi ukweli uliopimwa, na ushahidi wake haukutoka mbali. Ulitoka Madagaska, kwenye bahari yetu hii ya Hindi.

Huko mmea huitwa talapetraka, na watu waliuweka kwenye vidonda tangu zamani. Katika karne iliyopita Mfaransa Pierre Boiteau alianza kuuchunguza akitafuta dawa ya vidonda vya ukoma. Akashirikiana na Mmalagasi msomi, Albert Rakoto Ratsimamanga, ambaye mwaka 1957 alianzisha Antananarivo taasisi ya utafiti wa dawa za mimea. Ndani ya jani mna kemikali, mojawapo inaitwa asiatikosaidi. Kazi yao ilizaa dawa ya vidonda iliyouzwa hadi Ulaya kwa jina la Madecassol.

Inafanyaje kazi? Mnajua mzigo wa nyasi tunaoutoa rweya, kwenye mbuga ya nyasi, kuja kutandaza kibanjani. Nyasi hazikai pamoja kwa hiari yake, zinafungwa kwa kamba za mgomba. Ngozi yako nayo imefungwa kwa nyuzi ziitwazo kolajeni. Ukijikata, kamba zimekatika, na mwili unaanza kusokota nyingine. Asiatikosaidi inazihimiza seli za ngozi zisokote haraka na kwa mpango. Ndiyo maana leo krimu za Korea ziitwazo cica, zile ambazo dada zenu wanazitafuta mitandaoni, zina mmea huu ndani. Dada akinunua krimu hiyo anapaka usoni gugu la njia ya chemchemi.

"Na akili je?" Koku alikuwa ameshasimama, anafuta magoti. "Mimi sina kidonda, babu. Nina mtihani."

Hapo ndipo msimulizi inambidi apunguze mwendo, kwa sababu hapa watu wengi hudanganya.

Huko Manipal, India, watafiti waliwapa panya juisi ya majani mabichi, kisha wakatazama ubongo wao kwa hadubini. Seli za neva zina matawi kama mbuni, na za panya waliokunywa zilikuwa zimechipua matawi zaidi. Ni habari nzuri kwa panya. Thailand, mwaka 2008, wazee 28 wenye afya walipewa dondoo la mmea huu kila siku kwa miezi miwili, na waliopewa kiasi kikubwa walifanya vizuri zaidi kwenye baadhi ya majaribio ya kumbukumbu. Wazee 28 ni wachache, hawajazi hata basi moja la Bukoba–Mwanza. Mwaka 2017 watafiti wengine walikusanya majaribio ya aina hiyo wakayapima pamoja. Walikuta hakuna ushahidi wa kutosha kwamba mmea unaongeza akili au kumbukumbu. Walichokiona ni kwamba huenda unamfanya mtu awe macho zaidi na hasira zipungue, saa moja hivi baada ya kuutumia.

Kuhusu wasiwasi kuna jaribio moja ambalo sisi watu wa mkoa huu wa Kagera tutalielewa kuliko wengine. Lilitangazwa mwaka 2000. Watu 40 wenye afya waligawanywa: wengine walipewa gramu 12 za gotu kola, wengine kitu kisicho dawa, bila kujua nani kapewa nini. Kisha wakapigiwa kelele ya ghafla, na mashine ikapima walivyoshtuka. Waliokunywa mmea walishtuka kidogo kuliko wenzao, nusu saa na saa moja baadaye.

Kwa nini tutalielewa? Kwa sababu ya tarehe 10 Septemba 2016. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa au mlikuwa mgongoni. Ilikuwa Jumamosi alasiri, ardhi ikatikisika kwa ukubwa wa 5.9, nyumba Bukoba zikaanguka, watu wakafa. Kwa wiki kadhaa tulilala nje. Na hata tuliporudi ndani, lori likipita barabarani na dirisha likatetemeka, mtu mzima, baba wa watoto, alikuwa ameshafika mlangoni kabla hajajua kwa nini anakimbia. Ule mruko ndio uliopimwa na mashine. Mwili unakumbuka hata pale akili inapotaka kusahau. Hatukuwa na gotu kola. Tulikuwa na majirani, moto wa nje, na kahawa.

Niwaambieni basi kuhusu kahawa, maana nikiuacha mbuni nikasifia mmea wa chemchemi peke yake mababu watanishangaa. Dawa yetu sisi Wahaya ya kuchangamsha akili ni akamwani. Kabla ya kahawa ya kikombe, kabla ya Wazungu kuigeuza kuwa biashara ya ng'ambo, hapa kahawa ilitafunwa. Mpaka leo inatafunwa. Tunda la robusta linachumwa, linachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, linaanikwa mpaka linakauka na kuwa jeusi. Mgeni akiingia, baada ya salamu ya "kasinge waitu" na kujibiwa, analetewa kikapu kidogo. Anachukua tunda moja au mawili, analivunja kwa meno, na maneno yanaanza kutoka. Zamani watu wawili wakitaka kuwa ndugu wa damu, tunda hilo ndilo lililowaunga: ndani yake mna mbegu mbili zilizolala kifua kwa kifua. Kila mmoja alichanjwa kidogo, mbegu ikagusishwa damu, akala ya mwenzake.

Na kahawa, tofauti na jani la chura, haina mjadala. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Ndani ya ubongo kuna kitu kinachojikusanya tangu unapoamka, na kazi yake ni kukaa kwenye kiti fulani na kutangaza kwamba umechoka. Kafeini inafanana nacho sura. Inaingia, inakaa kwenye kile kiti, na haisemi neno. Uchovu haujaondoka, umesimama nje unangoja kiti. Ndiyo maana anayetafuna akamwani usiku kucha ili asome anafika asubuhi akiwa hafai kwa kitabu wala kwa jembe. Watoto msijaribu, mimi nilijaribu kwa niaba yenu.

Koku alikuwa ananisikiliza lakini macho yake yako kwenye kopo, ambalo, nilivyogundua, alikuwa amekuja nalo mfukoni mwa sweta. Nikamuuliza analala saa ngapi. Akasema saa sita, wakati mwingine saa saba, anasoma. Anaamka saa kumi na moja kuwahi basi.

Usiku ndio ubongo unapopanga ulichosoma mchana, kama mama anavyopanga mahindi darini: ya mbegu huku, ya kula kule. Ukimkatiza, mahindi yote yanabaki sakafuni. Nilimwambia pia jambo ambalo Muta analijua kuliko yeye: homa ya malaria ikimshika mtoto mara mbili tatu kwa mwaka, hakuna jani litakalomrudishia masomo yaliyompita. Katika wilaya yetu hii ya Muleba ilijaribiwa aina mpya ya chandarua, chenye dawa ya kawaida pamoja na kiungo kinachovunja usugu wa mbu. Watoto waliolala ndani yake waliugua malaria kidogo kuliko waliolala ndani ya vyandarua vya zamani, na Shirika la Afya Duniani likavipendekeza vitumike mahali pengine penye mbu sugu. Mtu akiniuliza ni kitu gani kilichotoka Muleba kikaokoa akili za watoto wa Afrika, nitataja wavu kabla ya mmea wowote.

Tulipoanza kupanda kurudi, Muta alikuwa amejaza kiganja majani, anataka kumpa dada yake ayale bure badala ya vidonge vya hela. Nikayatupa. Mmea huu unanyonya kila kilichomo majini, kizuri na kibaya, na juu ya ile chemchemi kuna mtu anapulizia dawa nyanya zake. Isitoshe, kuna watu wachache huko nje waliotumia gotu kola kwa wiki kadhaa ini likaumia, na mjamzito anashauriwa asiutumie kama dawa. Vidonge vya kopo navyo nilimwambia avirudishe kwa mama yake, wampelekee kwanza mfamasia avione. Hakufurahi. Mtoto anayetishwa na mtihani anataka kitu cha kumeza.

Ndipo akauliza swali ambalo nilikuwa nimelikwepa njia nzima.

"Kwa Kihaya unaitwaje?"

Nina majina mawili kichwani na sina hakika lipi ndilo. Mama yangu alilijua. Mwaka 2009 Profesa Mainen Moshi wa Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili na wenzake walitangaza kazi yao ya Bugabo, kule Bukoba: walikaa na waganga wa jadi, wakauliza, wakaandika, wakatoka na aina 94 za mimea. Mwaka uliofuata ikawa Katoro, na mwaka 2012 Kikuku, hapa Muleba. Wengi wanaojua mambo haya ni wazee, na mzee akienda anaondoka na orodha yake. Nami ni mzee, na orodha yangu ina matundu.

Tukapita kwa bibi mmoja jirani, omukaikuru wa miaka themanini na zaidi, ambaye huwatibu watoto wa kijiji vidonda vya kichwani. Koku akamwamkia vizuri, kwa kupiga goti kama nilivyomfundisha, kisha akamweleza jani: la mviringo, lina meno, linatambaa, linanuka karoti. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamtazama mikononi.

"Liko wapi?"

"Tumelitupa, bibi."

"Basi sikutajii. Kuna majani matatu pale chemchemi yanayofanana na hayo uliyosema. Nikikupa jina la jani nisiloliona, utakwenda nalo Dar es Salaam likiwa limekaa juu ya jani jingine."

Mvua ilikuwa imeanza tena. Koku akaniangalia, akaangalia viatu vyake vya mjini, akavivua, akashuka kibanja mbio, Muta nyuma yake. Walirudi wamelowa, na kikonyo kimoja chenye mzizi na udongo wake. Bibi alikipokea, akakigeuza, akafikicha jani, akanusa, akalamba kidogo, akatema. Kisha akamvuta Koku karibu akamwambia jina sikioni, na jinsi alivyokuwa akiliweka kwenye vidonda, na nani alimfundisha, na aliyemfundisha alifundishwa na nani.

Koku aliliandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake la sayansi. Mimi sitaliandika hapa. Nendeni na jani lenyewe mkononi.